Umurinzi, Umuvugangoma na Mwamba Ngoma: Uhakiki wa Maana na Asili ya Majina ya Miti kati ya Kirundi na Kiswahili katika Carama, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maana na asili ya jina umurinzi, ambalo kwalo Warundi huuita mti wa porini ujulikanao kisayansi kama Erythrina abyssinica. Jina hilo linalinganishwa na jina la Kiswahili la mti huohuo, mwamba ngoma, na vilevile na jina la Kirundi la mti mwingine kabisa, umuvugangoma, yaani Cordia africana, ambao ndio unaochongwa ngoma mashuhuri za Burundi. Hoja kuu ni kwamba majina haya matatu, ingawa yameundwa kwa mizizi ya Kibantu inayoeleweka kwa urahisi pande zote mbili, hayatafsiriki moja kwa jingine bila kuubadili mti wenyewe. Makala yanaonyesha jinsi uwazi wa maana unavyoweza kumpotosha mtafiti kuliko ugeni wa neno, yanahakiki desturi ya orodha za safu mbili katika leksikografia ya mimea, na yanapendekeza utaratibu wa kuyaingiza majina ya mimea ya Burundi katika Kiswahili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtaa wa Carama, ambako Kirundi na Kiswahili hukutana kila siku, unatumika kama mahali pa kuipimia hoja hiyo.

1. Utangulizi

Carama ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Kinama, katika eneo ambalo tangu 2014, jiji lilipogawanywa katika tarafa tatu za Muha, Mukaza na Ntahangwa, limo ndani ya tarafa ya Ntahangwa. Mtaa huo umo katika Imbo, nchi tambarare ya joto inayoambaa na Ziwa Tanganyika na Mto Rusizi. Wakazi wake hawana asili moja. Wapo waliotoka vilimani na Kirundi chao cha nyumbani, na wapo waliotoka katika mitaa ya zamani ya mjini kama Buyenzi, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumba, soko na ibada tangu jiji lilipokuwa likiitwa Usumbura. Katika mtaa wa namna hiyo, lugha mbili hazikutani vitabuni tu. Hukutana dukani, shuleni, kwenye zahanati na kwenye kitalu cha miche.

Ichukuliwe hali ifuatayo, ambayo ni ya kufikirika lakini haina jambo lisilowezekana. Mwalimu wa Kiswahili katika shule ya Carama anawaeleza wanafunzi mti wenye maua mekundu na gome nene lenye miiba. Kitabu chake kilichochapishwa katika nchi jirani kinauita mwamba ngoma. Mwanafunzi mmoja, ambaye bibi yake yuko kilimani, anautambua mti kwa sifa zake na kusema kwamba huo ni umurinzi. Mwingine, akilisikiliza jina na wala si sifa, anasema kwamba mti wa ngoma ni umuvugangoma. Wote wawili wana hoja. Wa kwanza ameutaja mti, wa pili amelifasiri jina. Mwalimu asipokuwa mwangalifu atawaambia kwamba majina yote matatu ni ya mti mmoja, na darasa zima litatoka na kosa lililojengwa kwa maneno sahihi.

Kosa hilo ndilo linalochunguzwa hapa. Si kosa la kutojua lugha. Ni kosa la kuijua lugha na kuiamini kupita kiasi.

2. Miti miwili na sifa zake

Kabla ya kulihakiki jina, ni lazima kitajwe kitu chenyewe. Umurinzi ni mti wa kimo cha wastani uotao katika mbuga za miti na pembezoni mwa mashamba, kuanzia Ethiopia hadi kusini mwa Afrika. Gome lake ni nene, limepasukapasuka na hulainika kama kizibo, jambo linaloufanya mti ustahimili moto wa nyikani. Matawi yana miiba. Majani hutoka matatumatatu katika kikonyo kimoja. Maua, yenye wekundu unaokaribia rangi ya chungwa, mara nyingi huchanua wakati mti hauna majani, kwa hiyo huonekana kwa mbali. Mbegu ni nyekundu zenye doa jeusi, nazo hutungwa shanga. Mbao zake ni nyepesi na laini. Tawi lililokatwa na kuchomekwa ardhini huota, na kwa sababu hiyo mti hupandwa kuwa ua hai na alama ya mpaka.

Umuvugangoma ni mti mwingine. Majani yake ni mapana na yanakwaruza, maua yake ni meupe na yanapendwa na nyuki, na matunda yake madogo huwa ya manjano yakiiva. Mbao zake ni imara, zinachongeka vizuri na huvumilia mchwa, ndiyo maana sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki huzitumia kwa samani, mizinga ya nyuki na vinu. Katika Kiswahili cha Tanzania mti huu huitwa mringaringa, jina ambalo lina ndugu yake wazi katika muringa wa Kikuyu.

Jina la kisayansi, ambalo watunga sera hulikimbilia kama ngao dhidi ya mkanganyiko, nalo lina mtego wake. Umuvugangoma kwa muda mrefu ulijulikana katika vitabu kama Cordia abyssinica kabla ya jina Cordia africana kukubalika kuwa ndilo lenye haki ya utangulizi. Umurinzi ni Erythrina abyssinica hadi leo. Msomaji wa nyaraka za zamani za misitu anayeshika neno la pili tu, lile la Uhabeshi, atakuta miti miwili chini ya sifa moja. Hata majina ya kwanza yanatoa habari za aina tofauti: Erythrina limetokana na neno la Kigiriki la wekundu, basi linausema mti, Cordia linamkumbuka mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Valerius Cordus, pamoja na baba yake, basi halisemi lolote kuhusu mti. Jina la kisayansi lina faida ya kukubaliwa kwa mapatano. Halina faida ya kuwa wazi, wala halikutungwa nje ya historia.

3. Umbo la jina umurinzi

Kwa mtumiaji wa Kiswahili, umurinzi ni neno lisilohitaji kamusi. Kitenzi cha Kirundi kurinda kinalingana sauti kwa sauti na kulinda, kama vile kurima kunavyolingana na kulima, kurara na kulala. Kiambishi tamati -i kinachounda mtenda kimeigeuza nd kuwa nz katika lugha zote mbili: linda hutoa mlinzi, rinda hutoa umurinzi. Mzizi huu umeenea sana katika lugha za Kibantu, na katika uenezi wake hubeba maana mbili zilizo jirani, kulinda na kungoja. Kirundi kinazihifadhi zote: kurinda ni kulinda, na kurindira ni kumngoja mtu au jambo. Mlinzi ni yule anayebaki mahali pamoja akingoja. Maana hiyo inaufaa mti, ambao hauondoki mahali pake, kuliko unavyomfaa askari.

Hata hivyo, uwazi huo unaishia pale ngeli zinapoanza. Katika Kirundi, umurinzi wa kibinadamu ana wingi wa abarinzi, na umurinzi wa miti una wingi wa imirinzi. Umoja unafanana, wingi unatofautiana, na upatanisho wa kisarufi katika sentensi hufuata tofauti hiyo. Kirundi kimechukua nomino yenye umbo la mtenda na kuiweka katika ngeli ya miti bila kuifuta sifa yake ya utendaji. Mti unaoitwa hivyo hausemwi kuwa ni mtu, lakini unasemwa kuwa unafanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mtu.

Kiswahili hakina mpango huo kwa neno mlinzi. Wingi wake ni walinzi, na mwili wake wote ni wa ngeli ya watu. Mfasiri anayeandika kwamba mti huo unaitwa mlinzi kwa Kiswahili hajakosea maana ya mzizi, lakini ameuhamisha mti kutoka ngeli yake hadi ngeli ya watu, na papo hapo msomaji ataisoma tafsiri kama sitiari ya kishairi. Kwa Mrundi si sitiari iliyobuniwa kwa ajili ya uzuri. Ni jina la kawaida, lenye wingi wake wa kawaida. Tafsiri ya neno kwa neno imeongeza ushairi pasipokuwapo, na imeondoa sarufi iliyokuwapo.

4. Unalinda nini? Fasiri mbili na mipaka yake

Swali la nini kinacholindwa limezaa fasiri mbili, na kila moja inastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Fasiri ya kwanza ni ya matumizi. Mti una miiba, huota kwa tawi, hupandwa uani na mpakani. Kwa hiyo, inasemekana, unalinda boma. Fasiri hii inavutia kwa sababu inahusisha jina na jambo linaloonekana kwa macho. Udhaifu wake ni kwamba inaeleza zaidi ya inavyotakiwa. Mnyaa nao hupandwa kuwa ua, huota kwa tawi na una utomvu unaowazuia mifugo, na katika maeneo mengi ya Maziwa Makuu ndio ua wa kawaida zaidi. Hata hivyo haukupewa jina la mlinzi. Kama ulinzi ungekuwa kazi ya ua peke yake, jina lingeufaa mmea mwingine zaidi. Fasiri inayoeleza kwa nini jina linaufaa mti, bila kueleza kwa nini halikuenda kwa mti jirani, haijakamilisha kazi yake.

Fasiri ya pili ni ya ibada. Katika Burundi na Rwanda mti huu ni mti mtakatifu wa kubandwa, ibada ya kale ya kuwaingiza watu katika undugu wa shujaa aliyekufa na kuendelea kuwapo kama roho. Burundi humwita Kiranga, Rwanda humwita Ryangombe. Masimulizi yana sura nyingi, lakini kiini chake ni shujaa aliyeuawa mawindoni na mnyama mwenye pembe, na mti uliompokea katika dakika zake za mwisho. Maua mekundu husomwa pamoja na damu hiyo. Waliobandwa walifanya ibada zao mbele ya mti, na mti ulipandwa uani kwa ajili hiyo.

Ushahidi wenye uzito kwa fasiri hii unatoka ng'ambo ya mpaka. Katika Kinyarwanda mti huu una jina la kawaida, umuko, na jina umurinzi linasikika pamoja nalo katika mazingira ya ibada ya Ryangombe. Pale lugha moja inapokuwa na majina mawili, moja la kila siku na jingine la ibada, na lugha ya jirani yake wa karibu ikawa na lile la pili kama jina la kawaida, dhana iliyo nyepesi zaidi ni kwamba jina lilitoka ibadani likaingia katika matumizi ya kila siku, wala si kinyume chake. Jina la uani halina sababu ya kupanda cheo hadi kuwa jina la siri. Jina la ibada lina sababu nyingi za kushuka hadi uani, hasa pale ibada yenyewe inapopigwa vita na wamisionari na watu wakaendelea kuupanda mti bila kueleza kwa nini.

Hapa ndipo jina linapokuwa hati ya historia. Kubandwa kulipungua sana chini ya shinikizo la dini mpya na utawala wa kikoloni, lakini jina la mti halikuhitaji kibali cha padri wala cha mtawala. Mkristo au Mwislamu wa Carama anaweza kulitamka kila siku bila kuungama wala kukana chochote. Hata hivyo fasiri hii nayo isivutwe mno. Kusema kwamba jina lilitoka ibadani si kusema kwamba kila anayelitamka leo anaikumbuka ibada. Asili ya neno ni jambo moja, na maana yake kinywani mwa msemaji wa sasa ni jambo jingine. Mtafiti anayezichanganya hizo mbili atamhukumu mzungumzaji kwa imani asiyokuwa nayo.

5. Ngoma mbili zisizochongwa kwa mti mmoja

Mkanganyiko wa darasani ulioelezwa katika utangulizi ulitokana na ngoma. Mwamba ngoma na umuvugangoma ni majina yaliyoundwa kwa kanuni moja: kiambishi cha ngeli ya miti, kitenzi, kisha nomino ngoma. Mtu anayezisoma lugha mbili kwa pamoja hawezi kukosa kuyaona kama ndugu. Yapo mambo mawili yanayoyatenganisha.

La kwanza ni vitenzi. Mwamba ngoma limetokana na kuwamba, yaani kuitandaza na kuikaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Ni kitenzi cha fundi, na kinahitaji yambwa: fundi huwamba ngoma. Umuvugangoma limetokana na kuvuga, kusema au kutoa sauti. Kama jina lingekuwa limekusudia kuutaja mti kama kitu kinachofanya ngoma ilie, Kirundi kingetumia umbo la kusababisha, kwa sababu kupiga ngoma ni kuvuza ingoma. Jina halikutumia kuvuza. Limetumia kuvuga. Usomaji unaoiheshimu sarufi hiyo ni kwamba mti unasema, na kinachosemwa ni ngoma. Kiswahili kimeliita jina kwa tendo la mikono, Kirundi kimeliita kwa sauti.

La pili ni neno ngoma lenyewe. Kwa Kiswahili, ngoma ni ala, na kwa upanuzi ni mchezo, sherehe, au tiba ya mizimu. Kwa Kirundi, ingoma ni ala na pia ni utawala: ku ngoma ya Mwezi Gisabo si kwenye dansi ya mfalme huyo, bali ni wakati wa enzi yake iliyokoma kwa kifo chake mnamo 1908. Ngoma kuu ya kifalme, Karyenda, ilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Utawala wa kifalme uliondolewa mnamo Novemba 1966, lakini neno lilibaki na pande zake mbili. Ngoma hizo, pamoja na inkiranya iliyo katikati, amashakwe zinazoshikilia mdundo na ibishikizo zinazoufuata, ziliingizwa na UNESCO mnamo 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mti unaozitoa ni umuvugangoma. Si umurinzi.

Kwa upande wa Kiswahili, umurinzi kuitwa mwamba ngoma hakushangazi. Mbao zake laini huchongwa vitu vyepesi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ngoma zikiwamo. Tatizo si kwamba jina la Kiswahili ni la uongo. Tatizo ni kwamba ni kweli ya mahali pengine. Likiletwa Carama bila maelezo, linakuta mahali ambapo ngoma ina mti wake na mti huu una kazi yake, na linautaja mti mmoja kwa kazi ya mwingine.

Wahenga wa Kiswahili walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hiyo inamhusu fundi, si mti, lakini sarufi yake ina funzo kwa mada hii. Kiambishi hu- cha mazoea hakionyeshi ngeli, kwa hiyo methali haimwambii msikilizaji kama mwamba ngoma anayetajwa ni wa waamba ngoma au wa miamba ngoma. Mwanafunzi wa Carama ambaye amejifunza mwamba kwa maana ya jiwe kubwa ana njia ya tatu ya kupotelea. Kwa Mswahili mazoea huondoa utata. Kwa anayejifunza, utata wote uko palepale, na hakuna kitabu kilichomwonya kwa sababu mwandishi wa kitabu hakuuona.

6. Uhakiki wa safu mbili

Leksikografia ya mimea ya Kiswahili ina mababu wenye heshima. Padri Charles Sacleux, aliyeishi Bagamoyo na Zanzibar, alikuwa mkusanyaji wa mimea na pia mwanaisimu, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka 1939, imejaa majina ya mimea. P. J. Greenway, akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, alichapisha mnamo 1937 orodha ya majina ya mimea ya Kiswahili pamoja na yale ya kisayansi, na toleo la pili likafuata mnamo 1940. Bila kazi za namna hiyo, majina mengi yangekuwa yamepotea. Upande wa Burundi, kamusi ya Kirundi na Kifaransa ya F. M. Rodegem, iliyotolewa Tervuren mnamo 1970, imekuwa hazina kwa vizazi vya watafiti.

Kinachostahili uhakiki si bidii ya waandishi hao, bali umbo la kazi lililorithiwa kutoka kwao na kufanywa jepesi zaidi na warithi. Umbo hilo ni la safu mbili: jina la kienyeji kushoto, jina la kisayansi kulia. Safu mbili hudai mambo matatu bila kuyatamka: kwamba jina moja lina spishi moja, kwamba jina ni la lugha nzima wala si la mahali, na kwamba maana ya jina haihusiki. Madai yote matatu yanavunjika mbele ya miti miwili iliyojadiliwa hapa. Mfano wa nyongeza ni mjafari. Jina hilo linajulikana sana kwa Zanthoxylum chalybeum, mti wa miiba unaotumika katika tiba za asili, lakini katika baadhi ya orodha limewekwa pia kwa Erythrina abyssinica. Miti yote miwili ina miiba shinani, na pengine hapo ndipo majina yalipokutana. Safu mbili hazina mahali pa kuandika jambo hilo.

Kamusi za lugha moja zina udhaifu wa upande wa pili. Mtindo wa kuufafanua mmea kwa maneno machache, kwamba ni aina ya mti wenye maua ya rangi fulani, humwacha msomaji akiwa na uhakika wa kisarufi na shaka ya kibotania. Fasili ya namna hiyo humtosha msomaji wa riwaya. Haimtoshi mganga, mhudumu wa zahanati, wala bwana miti.

7. Athari kwa sera

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mnamo 2007. Mnamo 2021 Wakuu wa Nchi wa Jumuiya waliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Maana yake ni kwamba miongozo ya afya, misitu na kilimo iliyoandikwa kwa Kiswahili itazidi kufika Carama, na mingi itakuwa imeandikwa na watu ambao hawajawahi kuusikia mti wa ngoma ukiitwa umuvugangoma. Mambo matatu yamo hatarini.

La kwanza ni usalama. Mbegu za umurinzi zina alkaloidi ambazo hulegeza misuli kwa namna inayofanana na sumu ya kurare, na mbegu iliyopondwa ni hatari kuliko ile nzima. Mti ambao gome lake hutumika katika tiba za asili na mbegu zake ni sumu hauwezi kuachwa ubadilishane jina na mti mwingine wa tiba. Kosa la jina, katika hali hiyo, si kosa la uhariri.

La pili ni upandaji miti. Kampeni ya taifa ya kurudisha misitu iliyoanzishwa mnamo 2018 ilipewa jina Ewe Burundi Urambaye, ambalo huihutubia nchi kama mtu aliyevishwa nguo. Nguo hiyo hushonwa kwa miche, na miche hutambuliwa kwa majina. Umuvugangoma uliokusudiwa kwa ajili ya wachonga ngoma, ukibadilishwa kitaluni na mwamba ngoma wa kwenye mwongozo, hautagunduliwa kwa msimu mmoja. Utagunduliwa na fundi atakayekwenda na shoka lake baada ya miongo, akute mbao laini zisizofaa kazi yake. Urithi uliotambuliwa na UNESCO unategemea mti uliokomaa, na mti uliokomaa unategemea jina sahihi kwenye mche.

La tatu ni haki ya maarifa. Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010 vinatambua maarifa ya jadi yanayohusiana na rasilimali za kijenetiki. Maarifa hayo huhifadhiwa kwanza katika majina. Pale hati ya Kiswahili inapoandika mwamba ngoma na kuliacha jina umurinzi, imefuta alama inayoonyesha ni jamii gani iliyoujua mti huu kwa namna gani. Anayetaka kudai haki baadaye atakuta mti wake umeandikwa kwa jina la jirani.

Mapendekezo yanayotokana na uchambuzi huu ni manne, nayo yanazihusu taasisi za istilahi za nchi wanachama na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar. Kwanza, jina la mmea liingizwe kwa kukopa, si kwa kutafsiri. Kiswahili cha Burundi kiwe na murinzi, wingi mirinzi, na muvugangoma, wingi mivugangoma. Ipo hatari kwamba murinzi utasikika kama mlinzi, hasa mahali ambapo r na l hazitenganishwi sana katika matamshi. Lakini wingi wa mirinzi hauwezi kuchanganywa na walinzi, na ngeli itafanya kazi ambayo sauti haiwezi kuifanya. Pili, kila kidahizo cha mmea kionyeshe wingi, mahali jina linapotumika, jina la kisayansi la sasa na lile lililotangulia. Tatu, majina yanayogombaniwa na mimea miwili yawekewe rejeleo la wazi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nne, asili ya jina iandikwe kama historia ya jina, isitumiwe kama ushahidi wa matumizi ya mmea mpaka matumizi hayo yathibitishwe kwa njia nyingine.

Inaweza kupingwa kwamba ukopaji wa namna hii utaijaza lugha visawe, na kwamba usanifishaji unataka neno moja kwa kitu kimoja. Pingamizi hilo lina uzito katika istilahi za sheria na fedha, ambako kitu chenyewe kimeundwa na neno. Mti haukuundwa na neno. Kiswahili chenyewe kimeishi na mringaringa kutoka bara na majina ya pwani kwa wakati mmoja bila kudhoofika. Kinachodhoofisha lugha ya kanda ni neno moja lenye miti miwili, wala si mti mmoja wenye maneno mawili.

8. Hitimisho

Uhakiki wa jina umurinzi umeonyesha kwamba maneno yanayofanana hudai uangalifu zaidi kuliko yale yasiyofanana. Neno geni humlazimisha mtafiti kuuliza. Neno la ndugu humfanya adhani ameshajibiwa. Kati ya Kirundi na Kiswahili, ambako kulinda na kurinda ni kitenzi kimoja na ngoma na ingoma ni nomino moja, dhana hiyo hujitokeza katika kila hatua, na katika kila hatua imeonekana kuwa nusu ya ukweli: mzizi ni mmoja lakini ngeli si moja, ala ni moja lakini ufalme haumo upande wa pili, jina la ngoma lipo pande zote lakini mti si uleule.

Mwalimu wa Carama aliyetajwa mwanzoni hahitaji kumkosoa mwanafunzi yeyote kati ya wale wawili. Anahitaji kuwapeleka wote penye mti, kuwaonyesha gome na majani, kisha kuliandika ubaoni kila jina pamoja na wingi wake na mahali linapotumika. Kamusi na miongozo ya Jumuiya ikifanya vivyo hivyo, umurinzi utaendelea kuitwa kwa jina lake, na ngoma zitaendelea kupata mti wake.